Anza na Safari ya Mzigo

Anayetaka kuuza vitu kwa simu akiwa nyumbani huanza na swali la niuze nini. Anafungua Instagram, anakuta watu wanauza mikoba, vipodozi na nguo za watoto, naye anachukua kimojawapo. Mimi ningemshauri atangulize swali jingine. Wewe uko Tegeta, Dar es Salaam, na mteja wa Mbagala anasema "nimeipenda, naitaka leo". Mzigo utamfikiaje, kwa shilingi ngapi, na ukifika umeharibika hasara ni ya nani? Bidhaa nyingi zinazovutia kwenye picha hukwama hapo.

Keki haipendi bodaboda. Sahani za udongo zinavunjika. Viatu vinakutaka uwe na saizi zote, na baada ya mwezi utakuta zilizobaki ni zile ambazo hakuna anayeziulizia, mtaji umelala humo. Mitumba ya kuchagua pale Karume ina bei nzuri, lakini kila nguo ni moja tu: uifue, uipige picha, uipime, uiandikie maelezo, na ikishauzwa unaanza upya na nyingine. Mashuka, vitenge, viungo vya pilau vilivyosagwa au dagaa wa Kigoma waliokauka vizuri havina usumbufu huo. Havivunjiki njiani, na picha moja inaweza kuuza mzigo mzima. Viungo na dagaa vina sifa ya ziada: vinaisha jikoni, kwa hiyo mteja aliyeridhika anarudi bila kubembelezwa. (Dagaa wafunge mifuko miwili, au mtu wa boda hatakuja tena ukimpigia.) Mwenye ujuzi wa kuchapa, kutengeneza mabango au kufundisha kwa video hana mzigo wa kusafirisha kabisa, basi aanze na huo ujuzi.

Hesabu ifanyike kwenye daftari kabla ya kwenda Kariakoo. Tuseme umechukua seti 10 za mashuka kwa bei ya jumla ya shilingi 18,000 kila moja. Hiyo ni 180,000. Nauli na kubebewa mzigo 8,000, mifuko ya kufungia 3,000, bando 5,000. Jumla 196,000, yaani kila seti imekugharimu 19,600, si 18,000. Ukiuza 25,000 unabakiwa na 5,400 kwa seti. Sasa tazama: ukishauza seti saba umeingiza 175,000, na bado hujarudisha fedha yako. Faida inaanza kuonekana seti ya nane. Wengi hula faida wakiwa kwenye seti ya tatu, kisha wanashangaa mtaji umekwenda wapi. Na ukimwahidi mteja wa mbali kwamba utampelekea bure, boda ikatoza 6,000, umemlipa shilingi 600 kwa kukubali kununua kwako.

Shuka likitandikwa kitandani kwako, au shemeji akilipenda, liandikwe kwenye daftari na lilipiwe.

Kama hata hiyo 196,000 haipo, unaweza kuelewana na mwenye duka akuruhusu kupiga picha bidhaa zake, wewe utafute wateja na kuchukua cha juu. Njia hii haina mzigo wa kulala, ila ina mtego wake: unapokea fedha ya mteja saa nne, ukifika dukani saa saba rangi ile imeisha. Piga simu dukani kwanza, ndipo useme "lipia".

Kwenye simu, WhatsApp Business inatosha kwa kuanzia. Haina malipo, ina katalogi ya kuweka picha na bei, na unaweza kuandaa majibu ya maswali yanayojirudia. Jambo ambalo wauzaji wapya hawalijui ni kwamba ujumbe wa orodha ya matangazo humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Orodha moja hubeba watu 256, lakini kama 200 kati yao hawajakuhifadhi, unazungumza na 56. Stetasi nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo kila anayenunua mwombe palepale ahifadhi namba yako kwa jina la biashara. Ukifanya hivyo utapata watu wachache wanaokuona kweli, na hao ndio wanaonunua.

Weka bei. Ule mtindo wa "bei njoo inboksi" unamfanya mteja ahisi kwamba anapimwa mfuko kwanza, na wengi hupita tu. Piga picha mwenyewe, mchana, karibu na dirisha. Picha iliyochotwa kwenye intaneti huleta ugomvi mzigo ukifika, maana mteja ataiweka kando ya kitu alichopokea na kukuuliza.

Matapeli wamewachosha watu, na utalipia makosa yao kwa muda. Kinachosaidia ni Lipa Namba ambayo jina linalotokea mteja anapolipa ni lile lile la ukurasa wako, au lako halisi ulilomtajia. Wewe nawe jilinde. Meseji ya muamala inaweza kughushiwa, na picha ya meseji ndiyo rahisi zaidi. Kabla ya kukabidhi mzigo angalia salio lenyewe. Kwa M-Pesa ni *150*00#. Mtu akikupigia akisema "nimekosea kutuma, nirudishie kwenye namba hii", mwambie awasiliane na huduma kwa wateja ya mtandao wake. Usimtumie chochote.

Kwa wateja wa mjini, nauli ya boda itangulie na mzigo ulipwe ukifika. Asiyekuwa tayari kulipa nauli mara nyingi hayupo tayari kununua. Wa mikoani walipe yote kwanza. Ukipeleka mzigo stendi ya Magufuli, Mbezi Louis, andika jina na namba ya mpokeaji kwa kalamu isiyofutika, chukua stakabadhi, ipige picha umtumie pamoja na jina la basi, namba ya gari na namba ya ofisi yao huko anakoupokelea. Wanaotaka kuja kuchukua wenyewe, kutana nao dukani kwa mtu unayemfahamu. Nyumbani kuna watoto, na si kila anayeulizia mashuka amefuata mashuka.

Upande wa serikali usiuogope. Ukiwa na namba ya NIDA, namba ya mlipakodi (TIN) hutolewa na mamlaka ya mapato, TRA, bila malipo. Jina la biashara husajiliwa kwa mtandao kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA. Anayeuza kwa jina lake kamili halazimiki kusajili jina. Leseni ni ya halmashauri. Kwa viwango vilivyotumika miaka ya karibuni, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato. Ni mauzo, si faida: kwa bei ya 25,000 hizo ni seti 160, kama 13 kwa mwezi, na mtu mwenye bidii anazivuka. Viwango huweza kubadilika kila bajeti ya Juni, kwa hiyo ulizia ofisi ya TRA iliyo karibu nawe, ukiwa na daftari lako.

Anayesaga viungo au kufungasha chakula ana hatua moja zaidi. Tangu 2019 usimamizi wa chakula na vipodozi uko kwenye shirika la viwango, TBS, na wajasiriamali wadogo huanzia shirika la viwanda vidogo, SIDO, ambako hupata ushauri wa usindikaji na ufungashaji. Krimu za kujichubua ziache kabisa, hata mwenye duka la jumla akikuambia zinatoka haraka: nyingi zina viambato vilivyopigwa marufuku, na mzigo ukikamatwa mwenye kosa ni wewe uliyeutangaza.