Vitabu Visivyo na Darasa: Mafunzo Niliyopata Nikisaka Hadithi za Zamani Kianjokoma

Kianjokoma ni soko la mlimani. Juu yetu ni msitu wa Mlima Kenya, kwetu ni majani chai, chini kidogo ni kahawa, na huku mtu atakuuliza umechuma kilo ngapi kabla ya kukuuliza umesoma nini. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwa miaka kadhaa nimekuwa na uraibu usioniingizia hata shilingi: ninasaka vitabu vya hadithi vilivyosomwa na watoto wa Kenya miaka ya 1960 hadi 1980, hasa vile ambavyo wachapishaji wake walifunga milango au waliviacha vikaisha. Kabati langu la chuma bado halijajaa, ila limenifunza mengi.

1. Usianzie dukani

Ingia duka lolote la vitabu Embu mjini mwezi wa Januari, utaje kitabu cha zamani. Swali utakaloulizwa ni moja: "Ni cha gredi gani?" Kama hakina gredi, hakipo. Simlaumu muuzaji, kwa maana mtaji wake unategemea orodha za shule, na orodha hizo hazina mahali pa kumbukumbu zangu.

Vitabu hivi viko kwa walimu wastaafu. Shosho mmoja aliyefundisha darasa la tatu maisha yake yote alikuwa ameviweka ndani ya debe, juu ya dari la jikoni. Moshi wa kuni ulikuwa umezipa kurasa rangi ya strungi, lakini mchwa hawakuwa wamegusa hata kona. Ndani ya debe hilo nilikuta *Mweru the Ostrich Girl* cha Charity Waciuma, kilichotolewa mwaka 1966, mgongo wake umeshonwa kwa uzi wa gunia, na ndani ya jalada majina ya watoto yamepangwa kwa penseli, kila jina na tarehe ya kurudisha. Nikamwuliza bei. "Hicho sikuuzii, mwalimu. Kaa hapo usome, chai iko motoni."

Nikakaa. Tangu siku hiyo sijawahi kwenda kwa mstaafu nikiwa na haraka.

2. Havikufa kwa ubaya wa hadithi

Nilikuwa darasa la sita mfumo wa 8-4-4 ulipoingia mwaka 1985. Vitabu vya kozi vilibadilishwa, na hilo kila mtu alilitarajia. Jambo ambalo hatukulitarajia ni kwamba vya hadithi vingeondolewa pamoja navyo, kwa kuwa tu vilikaa kabati moja. Muda si mrefu kurasa zake tukaziona sokoni zikifungiwa njugu. Hata *Pied Crow*, lile gazeti la katuni na mazingira tuliloletewa shuleni na shirika la CARE miaka hiyo ya 1980, ambalo tulikuwa tukiligombania kama mpira, leo kulipata toleo zima ni bahati.

Kisha, miaka ya 1980 ikielekea ukingoni, ikaja sera ya kuchangia gharama, na mzazi ndiye akawa mnunuzi wa vitabu. Mkulima wa majani chai hupata bonasi mara moja kwa mwaka, Oktoba hivi. Ikifika Januari imebaki ya kuhesabika, na mbele yake kuna hisabati, Kiingereza, sayansi, sare na viatu. Sijasikia mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa kitabu cha sungura na fisi.

Elimu bila malipo ya mwaka 2003 ilirudisha fedha za vitabu shuleni, na tangu 2018 serikali inavifikisha vitabu vya kiada hadi mlangoni. Ni jambo jema, tena mimi ni shahidi, maana nimeyapakua maboksi hayo kwa mikono yangu. Lakini kitabu cha ziada hakina lori. Mtaala ukibadilika, mtu wa kwanza kutafuta nafasi kabatini huwa na haraka, na kinachotoka ni kile kisichohesabiwa kwenye rejista. Tumeliona hilo tena wakati mtaala wa CBC ulipoingia.

3. Soma ukurasa wa mchapishaji kwanza

Zamani nilikuwa nikiuruka ule ukurasa wa maandishi madogo. Siku hizi ndio ninaoanza nao, kwa kuwa ndio wasifu wa kitabu. Nilipoona East African Publishing House, Nairobi, ikijirudia kwenye vitabu vingi, nikaanza kuunganisha mambo. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1965. Mwaka mmoja tu baadaye ilikuwa imetoa *Song of Lawino* cha Okot p'Bitek na *The Promised Land* cha Grace Ogot, vitabu ambavyo kila msomi anavijua. Anachosahau msomi huyo ni kwamba nyumba hiyo hiyo, miaka hiyo hiyo, ilikuwa ikichapishia watoto.

Na waandishi wake wa watoto, wengi ni akina mama. Waciuma nimemtaja. Pamela Kola alitoa *East African How Stories* na *East African Why Stories* mwaka 1966, hadithi za kueleza kwa nini mnyama huyu yuko hivi na yule vile. Asenath Bole Odaga alitoa *Jande's Ambition* mwaka 1966, *The Hare's Blanket* mwaka 1967, na akaendelea bila kupoa. Mwaka 1982 akaanzisha kampuni yake mwenyewe, Lake Publishers, kule Kisumu, na mwaka 1985 akatoa kitabu kizima kinachochunguza fasihi ya watoto nchini Kenya. Huyu mama alistahili barabara yenye jina lake. Walimu vijana ninaofanya nao kazi hawajawahi kulisikia.

East African Publishing House yenyewe iliporomoka mwishoni mwa miaka ya 1980. Mchapishaji akianguka, kitabu cha watu wazima huokolewa na vyuo vikuu, kwa sababu kuna mtu anayeandika tasnifu juu yake. Cha watoto hakina wakili. Waliokipenda wako darasa la nne.

4. Vingine viache vilale

Uzee wa kitabu si sifa. Vitabu vingi vya enzi hizo vinahubiri kuliko kusimulia: kijana anaenda mjini, mji unamla, anarudi kijijini akiwa mnyenyekevu, mwisho. Nilivipenda nikiwa mdogo kwa kuwa sikuwa na vingine. Nimevisoma tena nikasinzia. Kipimo changu ni rahisi: nikifika ukurasa wa tano na hakuna mtu aliyetaka kitu akanyimwa, ninakirudisha kwenye debe.

5. Moses hajazeeka

Barbara Kimenye alizaliwa Uingereza mwaka 1929, akaishi na kufanya kazi Uganda na Kenya, akafariki mwaka 2012. Vitabu vyake vya Moses vilianza kutoka kwa Oxford miaka ya 1960, na vimekuwa na maisha marefu kuliko wenzake, ingawa huku kwetu usipokutana na nakala ya mtu huwezi kujua kwamba viliwahi kuwapo. Moses anasoma bweni katika shule yenye jina refu la kujidai, Mukibi's Educational Institute for the Sons of African Gentlemen, na marafiki wake wana majina kama King Kong na Itchy Fingers.

Niliwasomea gredi ya sita Ijumaa mchana, ule wakati ambao hata mwalimu hana nguvu. Sentensi moja ya Kiingereza, kisha nasimulia kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye jina la shule, mvulana wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, hiyo shule iko kaunti gani? Karo ni ngapi?" Darasa likaangua kicheko, na mwenzake akamjibu kwamba kwa jina kama hilo, karo lazima ipande pikipiki mbili. Ijumaa iliyofuata nilikuta dawati langu limeshasogezwa mbele.

Mtoto hajali kitabu ni cha mwaka gani. Anachojali ni kama mwalimu mwenyewe anacheka.

6. Tazama pia lugha uliyokulia

Huku tunazungumza Kiembu, lakini kanisani na shuleni tulizoea maandishi ya Kigikuyu. Kwa hiyo vitabu vya Ngũgĩ wa Thiong'o vya Njamba Nene, cha kwanza mwaka 1982, vilitufikia kama vya jirani: unaelewa, ila kila mstari una neno ambalo nyanya yako angelisema vingine. Ule mfululizo wa Tujifunze Kusoma Kikwetu, tuliouita TKK, ulifundisha wengi kusoma kwa lugha za nyumbani, na nakala zake zimeadimika kuliko hata za Kiingereza. Kwa hadithi za Kiembu chenyewe ninategemea kazi ya Ciarunji Chesaina, *Oral Literature of the Embu and Mbeere* ya mwaka 1997. Haikuandikwa kwa ajili ya watoto, lakini mwalimu mwenye ulimi atapata humo hadithi za muhula mzima.

Kwa Kiswahili, kitabu ninachokitamani na sijawahi kukishika ni *Elisi katika Nchi ya Ajabu*, kilichochapishwa London na Sheldon Press mwaka 1940. Ndani yake Alice wa Lewis Carroll amechorwa msichana Mwafrika. Ida Hadjivayanis alitoa tafsiri mpya mwaka 2015, nami nimefurahi. Lakini ile ya 1940 ningependa watoto waione kwa michoro tu, wajue kwamba hata wakati wa ukoloni kuna mtu aliyefikiri Elisi anaweza kufanana nao.

7. Fotokopi si ufufuo

Kila ninapomwonyesha mtu kabati langu, ananishauri nikapige kopi mjini. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Odaga alifariki mwaka 2014, basi kazi zake zina wenyewe hadi 2064. Kusoma kwa sauti darasani ni jambo moja. Kutoa nakala arobaini ni jambo jingine. Njia halali ni ndefu zaidi: kumtafuta aliyerithi haki, kumwandikia mchapishaji aliye hai, kumshawishi kwamba kuna shule zitakazonunua.

Nimeanza kuandika barua hizo. Ningeombwa kuchagua, ningeanza na Waciuma, kisha Kola, kisha *The Hare's Blanket*. Karatasi ya kawaida, bei isiyozidi ya kitabu cha kiada, na michoro ile ile ya zamani. Maswali ya ufahamu mwishoni mwa kila sura wasiweke.