Siku ya Zege: Kumlinda Fundi Wakati wa Mlipuko

Nyumba nyingi kwetu hujengwa kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwakani kuta. Site ina fundi mmoja, saidia fundi wawili watatu, na wewe unayelipa. Ukizuka ugonjwa kama UVIKO-19, mwajiri anayepaswa kuwalinda ni wewe.

Siku ya zege ndiyo ngumu. Watu hujipanga mstari, karai linapita mkono kwa mkono, wote wanahema na kupaza sauti. Virusi vya UVIKO-19 husambaa hewani kwa pumzi, na kazi yenyewe haisimamishwi katikati, zege litaganda. Ita watu wachache zaidi, waachane nafasi, na uwe na barakoa kavu za kubadilisha zikilowa jasho. Afadhali hapo, kwa kuwa hewa inapita. Kunakotisha zaidi ni stoo, vijana wanakolala na mifuko ya saruji, mlango umekomewa kwa kuogopa wezi. Toboa dirisha, uweke nondo.

Weka ndoo ya koki na sabuni. Kitakasa mikono hakifai kwenye mkono wenye tope la saruji, tena kinachoma nyufa ambazo saruji mbichi imeshazichimba. Mtu asuuze kwanza, kisha asugue kwa sabuni sekunde 20. Lile kopo moja la kunywea kwenye pipa liondoke. Kila mmoja aje na chupa yake.

Barakoa ya kitambaa haitoshi kwa vumbi la kukata vigae. Lina silika, inayoacha makovu mapafuni, na mapafu hayo hupata kifua kikuu kwa urahisi. Kateni kigae kikiwa kimelowa. Kikohozi kilichozidi wiki mbili kipimwe kifua kikuu, hata kama kipimo cha UVIKO-19 hakikuonyesha kitu.

Sasa pesa, maana hapo ndipo homa inapofichwa. Kibarua hulipwa kwa siku. Asipofika, kwao hakuna unga. Mwambie kabla kazi haijaanza kwamba akiamka na homa abaki nyumbani na ujira wake atapata. Ukiweza nusu tu, toa nusu. Wote wakiugua pamoja, utapoteza zaidi.

Nanyi mnaoishi na fundi: akirudi, avue nguo za kazi nje na aoge. Akikohoa, alale peke yake penye dirisha wazi. Akibanwa na pumzi, msingoje kukuche. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.