Televisheni Isiwanyang'anye Maongezi ya Jioni



Siku hizi televisheni imeingia karibu kila mahali. Mjini inatumia stima, na vijijini wengi wameipata kwa nguvu za jua. Wako Wakristo wanaouliza kama ni dhambi kuwa nayo nyumbani. Sivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikani, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya vyombo vya upashanaji habari, ulifundisha kwamba vyombo hivi vimevumbuliwa na akili ya binadamu kwa msaada wa Mungu, na kwamba vikitumiwa vizuri huwafaidi watu.

Tunachotaka kuangalia hapa ni jambo moja: televisheni huchukua saa za jioni, na saa za jioni ndizo saa za ndoa. Mchana mmoja yuko kazini, mwingine yuko shambani au sokoni, na watoto wako shuleni. Mnakutana saa moja, na saa nne mnalala. Basi hesabuni. Saa moja ni taarifa ya habari ya Kiswahili, kisha tamthilia, na saa tatu taarifa ya Kiingereza. Usiku umekwisha. Mke alitaka kusema kwamba karo ya mtoto haijakamilika. Mume alitaka kusema kwamba kazini wanapunguza watu. Kila mmoja amelala na lake moyoni. Ugomvi hautatokea usiku huo. Utatokea mwezi ujao, mtoto atakaporudishwa nyumbani, na mume aseme, "Mama watoto, mbona hukuniambia?"

Yafuatayo ni mambo ya kupatana ili televisheni iwe mtumishi wa nyumba yenu.

1. Patana kabla ya kununua

Kitu kikubwa nyumbani kinunuliwe kwa shauri la wawili. Mkinunua kwa kulipa kidogo kidogo, jumlisheni malipo yote mpaka ya mwisho, halafu mlinganishe na bei ya pesa taslimu. Tofauti hiyo ndiyo bei ya kutosubiri.

Fikirini pia gharama za baadaye. Tangu Kenya ilipozima matangazo ya analojia mwaka 2015, televisheni ya zamani haishiki stesheni bila king'amuzi. Seti nyingi mpya zina kipokezi ndani yake. Ulizeni dukani kama ina DVB-T2. Ikiwa nayo, antena nzuri inatosha kupata stesheni za bure. Mkitaka king'amuzi cha kulipia, pigeni hesabu ya mwaka mzima: shilingi 1,000 kwa mwezi ni shilingi 12,000 kwa mwaka. Je, karo imelipwa? Kama bado, stesheni za bure zinatosha kwa sasa.

2. Mahali pa kuiweka

Iwekeni sebuleni, mahali ambapo kila mtu anaona kinachotazamwa. Msiiweke katika chumba cha watoto, wala katika chumba chenu cha kulala. Chumba cha mume na mke ni mahali pa kupumzika, pa kusemezana mambo ya siri na pa kupeana mapenzi ya ndoa. Chombo kinachopiga kelele hadi usiku wa manane hakifai humo.

Je, wale wanaoishi katika chumba kimoja cha kupanga? Hao watumie kitambaa cha kufuma. Kipindi kikiisha, zimeni na mfunike kioo. Watoto watazoea kwamba kitambaa kikishuka, televisheni imelala.

Kumbukeni usalama. Televisheni hizi nyembamba huanguka upesi mtoto akizivuta. Ifungeni ukutani vizuri, au iwe juu ya meza pana isiyoyumba. Mvua ya radi ikija, chomoeni waya wa stima na wa antena mapema.

3. Fungua kwa kipindi, funga kwa kipindi

Nyumba nyingi huwasha televisheni mtu wa kwanza akiingia, na kuizima wa mwisho akilala. Hapo hakuna aliyechagua kitu. Jumapili jioni kaeni pamoja, mchague vipindi vya juma hilo. Kipindi kikianza, fungua, kikiisha, funga. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2496, inatuonya kwamba vyombo hivi vyaweza kumfanya mtu apokee tu bila kufikiri, na inatutaka tuvitumie kwa kiasi na nidhamu.

Nawashauri muwe na nyakati mbili za kuzima bila kubishana. Ya kwanza ni wakati wa chakula. Ya pili ni nusu saa ya mwisho kabla ya kulala, ambayo ni yenu ninyi wawili. Nusu saa kila siku ni saa tatu na nusu kwa juma. Ndoa nyingi zinazolalamika kwamba hazina maongezi zingeponea hapo.

4. Mpira na tamthilia

Hapa ndipo rimoti inapogombaniwa. Baba anataka mpira wa Uingereza, mama anataka mwendelezo wa tamthilia. Kila mmoja apewe siku zake zinazojulikana, na siku ya mwenzako usinung'unike.

Mama, ikiwa mume wako anatazama mpira nyumbani badala ya kwenda baa, mpe chai na umshukuru Mungu. Baba, mechi za Ulaya zinazoanza saa nne au saa tano usiku huamsha nyumba nzima. Punguza sauti, na asubuhi usimkasirikie mtu kwa sababu hukulala. Nawe unayecheza kamari kwa mechi hizo, jua kwamba unatumia pesa za watoto.

Tamthilia nyingi huonyesha uzinzi kama jambo la kawaida, na mume wa kwenye kioo hachoki wala hana deni. Usimlinganishe mwenzako na mwigizaji aliyelipwa kusema maneno matamu. Afadhali mkitazama pamoja muulizane, "Sisi tungefanyaje?" Swali hilo limeweza kufungua mazungumzo ambayo wengine wameyaogopa kwa miaka.

5. Watoto

Mwaka 1994, Mwaka wa Familia, Papa Yohane Paulo wa Pili alitoa ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Duniani juu ya televisheni na familia. Aliwaonya wazazi wasiifanye televisheni kuwa yaya wa watoto wao, na akasema kwamba wakati mwingine dawa ni kuizima tu. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2019, lilishauri kwamba mtoto asiyefika miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku.

Tazameni alama za Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya. GE ni ya watu wote, PG yataka uongozi wa mzazi, 16 na 18 zina mipaka ya umri. Kama mna msichana wa kazi, mwelezeni kwa heshima kanuni za nyumba, maana yeye ndiye anayekaa na watoto mchana.

La muhimu kuliko yote ni kwamba wazazi wawe na neno moja. Mama akisema, "Zimeni," baba asiseme, "Waache kidogo." Mtoto akiona mlango huo mara moja, ataupitia kila siku. Mkitofautiana, mzungumze baadaye chumbani. Na kanuni hizi ziihusu simu pia, kwa sababu ni televisheni ya mfukoni. Mzazi anayetazama simu mezani hawezi kumkataza mtoto katuni.

6. Sala na Misa

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, kinawaagiza wazazi wawafundishe watoto neno la Mungu waketipo nyumbani. Wekeni saa ya Rozari mahali imara, kwa mfano mara baada ya chakula, kabla televisheni haijafunguliwa tena.

Mwaka 2020, makanisa yalipofungwa kwa ajili ya korona, Misa ya televisheni ilitufariji. Hata leo inawafaa wagonjwa na wazee wasioweza kutoka. Lakini mwenye afya haitimizi Jumapili akiwa kwenye kochi. Mwili wa Kristu haupokelewi kwa kioo.

Maswali ya kuzungumzia ninyi wawili, televisheni ikiwa imezimwa:

- Juma lililopita tulizungumza sisi wawili kwa muda gani bila televisheni wala simu?
- Ni kipindi gani mwenzangu anapenda, na je, namwachia kwa moyo mweupe?
- Kuna jambo gani nimetaka kukuambia, nikakosa nafasi?

Swali la mwisho lijibiwe usiku wa leo. Mungu azibariki ndoa zenu.