Kiuno Kinauma, Lakini Kazi Gani Imemshinda?

Mwanamke anayeanika dagaa ufukweni Igombe ukimwuliza kiuno kinamuumaje, huenda akakujibu, "Kidogo tu, daktari." Mwangalie anavyoinuka kwenye benchi akishika ukuta. Maumivu kila mtu huyataja kivyake. Wewe pima kazi zinazomshinda, na hapo ndipo dodoso linapofaa.

Yapo mawili yanayotumika sana. La Roland na Morris, la Uingereza mwaka 1983, lina kauli 24; mgonjwa anakubali au kukataa kila moja kwa hali yake ya leo, nawe unahesabu alizokubali. Zahanati yenye foleni ianze na hilo. La Oswestry, la mwaka 1980, lina vipengele 10 vya alama 0 hadi 5, na linamfaa zaidi aliyezidiwa. Kipengele cha tendo la ndoa wengine watakiruka, hasa mama mkwe akiwa pembeni. Usiwalazimishe: gawanya kwa alama za juu kabisa za vipengele vilivyojibiwa tu, hivyo alama 18 kati ya 45 ni asilimia 40.

Asiyesoma msomee faragha, neno kwa neno. Kama anaelewa Kisukuma tu, tafsiri iandaliwe mapema na wahudumu wote wasome hiyohiyo. Kila mmoja akitafsiri kichwani mwake, alama hazilinganishiki.

Kinachosahaulika huku kwetu ni mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wengi hupumzika. Ukimpima mvuvi aliyekesha akivuta nyavu, ukarudia wakati wa mbalamwezi, alama zitashuka nawe utazisifu dawa zako bure. Vipimo vyote viwili viangukie kipindi kilekile cha mwezi, au angalau andika kwenye faili kama yuko kazini. Tena sisitiza "kwa sababu ya kiuno": aliyebaki nyumbani kwa kuwa ziwa limechafuka hakushindwa na mgongo.

Alama moja au mbili zikipungua, usishangilie. Watafiti wengi hutaka zipungue kwa asilimia 30 ya alama za mwanzo; aliyeanza na 15 kati ya 24 afike 10 au chini yake.

Ila dodoso halioni hatari. Miguu ikilegea, sehemu za siri zikifa ganzi, au mkojo ukiziba au kutoka wenyewe, weka karatasi pembeni na umpe rufaa siku hiyohiyo kwenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando.