Mafuta ya Jikoni na Afya ya Tezi Dume

Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya nazi kina karibu gramu 12 za mafuta yanayoganda. Kijiko hicho hicho cha samli kina gramu 8 hivi, cha mawese karibu 7, cha alizeti moja na nusu tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya aina hii yasizidi asilimia 10 ya nishati tunayoipata kwa siku. Kwa mwanamume anayekula kilokalori 2,500, hizo ni gramu 28 hivi, na anayemimina mafuta kwa kukadiria anaweza kuzimaliza kabla ya mlo wa mchana.

Usiyapime kwa kuyatazama chupani. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 au 25, kwa hiyo Tanga na Mombasa utayaona majimaji karibu mwaka mzima. Yapeleke Njombe mwezi wa saba, asubuhi utayakuta yameganda. Ni mafuta yale yale.

Sasa haya yanaihusu vipi tezi dume? Tezi hii imekaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo, ndiyo maana ikikua mkojo hutoka kwa shida. Kukua huko huja na umri: karibu nusu ya wanaume wenye miaka 51 hadi 60 tayari wanako. Si saratani, na hakugeuki kuwa saratani. Lakini wataalamu wanapochunguza vipande vya tezi iliyokua, mara nyingi hukuta seli za kinga zimejazana humo ingawa hakuna kijidudu kinachoonekana. Huo ndio mchochota sugu.

Mchochota wenyewe si adui. Ukijikata kidole panakuwa pekundu, panauma na kuvimba, kisha panapona. Tatizo ni ule wa chinichini usiokoma. Mwili unaendelea kumwaga kemikali za vita pasipo na vita, na tishu zinaumia na kujijenga upya miaka nenda rudi. Kujijenga kila mara kunaweza kuchangia tezi kukua, na watafiti wengi wanaamini kunaweza pia kuipa saratani nafasi.

Mafuta yanayoganda huingia hapa kwa njia mbili. Ya kwanza imeonekana maabara: asidi ya palmitiki, iliyo nyingi kwenye mawese na nyama nono, huzichochea seli za kinga kutoa kemikali hizo. Ya pili naiona nzito zaidi, kwa kuwa inapitia kitambini. Watafiti wa Uppsala, Uswidi, waliwapa vijana 39 wembamba keki ndogo za ziada kwa wiki 7. Kundi moja lilikula zilizopikwa kwa mawese, jingine kwa alizeti. Wote waliongezeka uzito sawasawa, kilo moja na nusu na ushee. Lakini matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliokula za mawese walijaza mafuta mengi zaidi kwenye ini na ndani ya tumbo, na wa alizeti wakajenga misuli zaidi. Mafuta ya ndani ya tumbo hayakai kimya: huvuta seli za kinga na kupeleka kemikali za mchochota kwenye damu, na damu hiyo hufika kila kiungo, tezi dume ikiwemo.

Kuhusu saratani yenyewe tuseme ukweli ulivyo. Mwaka 2018 watafiti wa Boston walionyesha kwamba panya wenye saratani ya tezi dume, wakilishwa mafuta ya nguruwe, saratani yao husambaa. Huko ni kwa panya. Kwa binadamu, utafiti wa mwaka 2013 uliofuatilia Wamarekani 4,577 wenye saratani ambayo haijasambaa uliona kwamba waliokula mafuta ya mimea badala ya sehemu ya wanga walikuwa na hatari ndogo ya ugonjwa huo kusambaa au kuwaua. Tafiti za namna hii huonyesha mambo yanayokwenda pamoja, hazithibitishi chanzo. Ushahidi ulio imara zaidi ni juu ya uzito: unene kupita kiasi huongeza hatari ya saratani iliyokwisha kukomaa na kusambaa. Kwa hiyo anayekuambia kipande cha nyama kinaleta saratani anakutisha bure, na anayekuambia kitambi ni heshima tu anakudanganya.

Jikoni, anza na kijiko. Pima mafuta badala ya kumimina. Supu ya ng'ombe au mbuzi iache ipoe, utaona utando mweupe umeganda juu. Uondoe kabla ya kuipasha moto. Kwenye mchuzi wa nazi tumia tui la pili, kasimele weka kidogo mwishoni kwa ladha. Nyama choma si lazima uiache, ila kata mafuta meupe na usiifanye ya kila jioni. Pilau hupendeza hata kwa alizeti. Ukipunguza samli, usilipe deni kwa soda, maandazi na ugali mkubwa zaidi, kwa sababu sukari na wanga mweupe hukirudisha kitambi kile kile. Weka maharage, choroko, dagaa, vibua, karanga au parachichi.

Kuwa makini na vidonge vya "kusafisha tezi" vinavyouzwa mitaani na kwenye simu. Hata vitamini ya kawaida inaweza kudhuru: katika utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha wanaume zaidi ya 35,000, waliopewa vidonge vya vitamini E walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Chakula hakichukui nafasi ya kipimo. Ukiamka mara kwa mara usiku kukojoa, mkojo ukitoka kwa kusukuma au kukatikakatika, nenda kituo cha afya. Ukiona damu, wahi. Ukishindwa kukojoa kabisa, nenda saa hiyo hiyo, iwe usiku au mchana. Hata bila dalili, kuanzia miaka 50 zungumza na daktari kuhusu kipimo cha damu cha PSA. Anza mapema, miaka 40 hadi 45, kama baba au kaka aliugua. Kwa sisi Waafrika hili si la kuahirisha: Marekani, wanaume weusi hufa kwa saratani hii karibu mara mbili ya weupe. Siku mbili kabla ya kipimo epuka tendo la ndoa na baiskeli, na mwambie daktari kama una maambukizi ya mkojo, kwani yote hayo yanaweza kupandisha PSA hata pasipo na saratani.