Kutu, Chumvi na Pikapu Kuukuu: Sayansi ya Kufufua Gari kwa Gharama Ndogo

Utangulizi

Katika barabara za Ngamiani mjini Tanga, zile zinazotajwa kwa namba badala ya majina, si ajabu kuona pikapu kuukuu imeegemezwa juu ya magogo, magurudumu yametolewa, boneti i wazi, na mafundi wawili watatu wameiinamia injini. Gari la namna hiyo huenda limebeba machungwa ya Muheza, nazi za Pangani, au samaki kutoka soko la Deep Sea kwa miaka mingi. Mwenyewe hana fedha za kununua jingine. Anataka hili lifufuliwe, na likiwezekana libadilishwe kidogo lilingane na kazi yake.

Ufundi wa namna hii una historia ya heshima. Katika miaka ya 1970 na 1980, wakati fedha za kigeni zilipokuwa haba na vipuri havipatikani madukani, ni mafundi wa gereji za mitaani waliolifanya taifa liendelee kutembea. Mwanahistoria wa Kimarekani Joshua Grace alieleza ujuzi wao kwa kirefu katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021.

Swali la makala haya ni moja: mwenye fedha kidogo aanzie wapi? Wengi hujibu kwamba aanze na injini. Wengine huanza na rangi, kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Sayansi inatoa jibu jingine. Injini mbovu hulisimamisha gari, lakini chasisi iliyoliwa huweza kuua watu. Basi, katika mji wa pwani, kazi huanza na kutu.

Kutu ni nini?

Chuma hakipatikani ardhini kikiwa safi. Huchimbwa kikiwa kimeungana na oksijeni, nacho hutenganishwa nayo kwa moto mkali wa tanuri. Kutu ni safari ya chuma kurudi kwao: atomi za chuma huungana tena na oksijeni na maji. Kwa hiyo hatuwezi kuikomesha kutu milele. Tunaweza tu kuichelewesha.

Mambo mawili hayana budi kuwapo ili chuma kishike kutu: maji na oksijeni. Mahali pamoja juu ya chuma, atomi huacha elektroni zao na kuyeyuka katika maji zikiwa ioni. Mahali pengine, oksijeni iliyomo majini huzipokea elektroni hizo. Kati ya mahali hapo pawili mkondo mdogo wa umeme hupita. Kila doa la kutu, kwa hakika, ni betri ndogo inayojila yenyewe.

Hapa ndipo chumvi inapoingia. Maji safi hupitisha umeme kwa shida, bali maji ya chumvi huupitisha kwa urahisi, na betri ile hufanya kazi kwa nguvu zaidi. Tena chumvi huvuta unyevu kutoka hewani. Chumvi ya kawaida huanza kulowa hewa inapofikia unyevu wa asilimia 75 hivi, na chumvi ya bahari, kwa kuwa ina magnesi ndani yake, hulowa hata kabla ya hapo. Hewa ya usiku na alfajiri katika mji wa pwani hupita kiwango hicho kwa urahisi. Ndiyo maana gari la Tanga huliwa hata wakati wa kiangazi, bila ya tone la mvua. Pikapu ya samaki ina balaa zaidi, maana maji ya barafu yenye chumvi hudondoka kutoka karai hadi kwenye chasisi kila siku.

Kwa nini kutu hujificha?

Katika miaka ya 1920 mkemia Mwingereza Ulick Evans, wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alichunguza tone la maji ya chumvi lililowekwa juu ya bamba la chuma. Ungedhani kwamba chuma kingeliwa zaidi ukingoni, ambako hewa ni nyingi. Mambo yalikuwa kinyume: chuma kiliyeyuka katikati ya tone, mahali penye oksijeni haba, na kutu ikajitokeza kama pete kati ya katikati na ukingo.

Fundisho hili ni kubwa kwa fundi. Chuma huliwa zaidi palipofichika: chini ya tope lililoganda, ndani ya mikunjo ya mabamba, chini ya mpira wa sakafuni, na ndani ya boriti za chasisi zilizo wazi katikati. Uso unaong'aa si ushahidi wa uzima. Isitoshe, kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa, nayo hufura na kuyatenga mabamba yaliyoshikamana. Rangi ikionekana imeumuka kama maandazi, jua kwamba kazi chini yake imeanza zamani.

Metali mbili zikutanapo

Mfano mzuri ni Land Rover, gari lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa haba Uingereza, kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi yake ilifanywa kwa Birmabright, aloi ya alumini na magnesi. Chasisi ilibaki ya chuma. Watu husema kwamba bodi ya Land Rover haishiki kutu, na ni kweli, maana kutu ni ya chuma. Lakini alumini nayo huliwa, hasa ikiguswa na chuma penye maji ya chumvi. Kati ya metali hizo mbili, alumini ndiyo inayotoa elektroni kwa wepesi zaidi, hivyo ndiyo inayoyeyuka. Dalili yake ni unga mweupe kuzunguka ribiti na bolti.

Dawa ni kuzitenganisha. Kila mahali alumini inapokalia chuma, pakwe rangi pande zote mbili na kuwekwe kipande cha mpira au plastiki kati yake. Vilevile, ribiti ndogo ya alumini isitumike kufungia bamba kubwa la chuma, kwa sababu mkondo wote wa bamba lile utaikusanyikia ribiti na kuimaliza upesi.

Kanuni hiyo hiyo yaweza kutufaa. Mnamo 1824 Humphry Davy alionyesha kwamba shaba iliyofunika matumbo ya merikebu za Uingereza huhifadhika ikiwa itaunganishwa na vipande vya zinki au chuma, ambavyo huliwa badala yake. Bati la kuezekea hudumu kwa sababu iyo hiyo: zinki hujitoa mhanga ili chuma kipone. Rangi yenye unga mwingi wa zinki, ikipakwa juu ya chuma kilichosafishwa vizuri, hufanya kazi kama hiyo.

Kupima kabla ya kutumia fedha

Kabla ya kununua hata msasa, mwenye gari na alipime. Vifaa ni nyundo ndogo, bisibisi na tochi.

1. Osha chasisi kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uondoe tope lote, kisha iache ikauke.

2. Gonga chasisi polepole toka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilicholiwa hutoa sauti nzito, kama debe lililojaa mchanga. Palipo na shaka, sukuma kwa bisibisi.

3. Angalia kwa makini mahali springi zinapofungwa, na mahali usukani unaposhikiliwa.

4. Fuata mabomba ya breki kwa kidole. Bomba lililokwaruza kwa kutu libadilishwe. Lisisuguliwe na kupakwa rangi. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa, na hivyo mabomba huweza kuliwa kutoka ndani.

Ikiwa chasisi imetoboka mahali pengi, ni heri kulivunja gari na kuuza vipuri vyake. Jambo la hatari kuliko yote ni kuziba tundu la chasisi kwa puti na kulifunika kwa rangi. Puti haibebi mzigo. Ayafanyaye hayo hamdanganyi mnunuzi tu, bali pia abiria waliokaa nyuma juu ya magunia.

Kuondoa kutu

Kwa mabamba makubwa, brashi ya waya, msasa na subira vyatosha. Rangi ya zamani huweza kuwa na risasi, ambayo ni sumu; kwa hiyo isuguliwe ikiwa imeloweshwa, wala watoto wasikaribie.

Kwa vipande vidogo vyenye pembe nyingi, umeme husaidia. Yeyusha soda ya kufulia katika ndoo ya plastiki, kiasi cha kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita ya maji. Tumbukiza kipande chenye kutu na ukiunge na waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12. Waya chanya uungwe na chuma chakavu kisichogusana nacho. Baada ya saa kadhaa kutu hulegea na kutoka kwa brashi. Soda isibadilishwe kwa chumvi, maana chumvi hutoa gesi ya klorini. Na magadi ya sokoni mara nyingi huwa yamechanganyika na chumvi. Chuma kisichoshika kutu nacho kisitumike upande wa chanya, kwani hutoa misombo ya kromi yenye sumu. Kazi hii ifanywe nje, mbali na moto, kwa kuwa haidrojeni inayotoka hulipuka. Springi na bolti ngumu zisisafishwe hivyo, maana haidrojeni huweza kupenya chuma kigumu na kukifanya kivunjike ghafla.

Njia ya tatu ni tanini, dutu ichachushayo ulimi katika chai kali, ambayo pia imo katika magome ya mikoko na ya miwati. Tanini huungana na kutu nyembamba na kuigeuza kuwa tabaka jeusi lisiloyeyuka kwa urahisi. Msomaji anaweza kujaribu nyumbani: chemsha majani mengi ya chai katika maji machache, yaache yapoe, kisha tumbukiza msumari wenye kutu. Baada ya saa chache utakuwa mweusi. Kwa gari, dawa ya dukani yenye tanini au asidi ya fosfori ni bora zaidi. Mikoko haifai kukatwa kwa ajili hiyo, kwani ndiyo ilindayo pwani yetu.

Kuzuia kutu isirudi

Wazee wetu waunda majahazi hawakuwa na maabara, lakini walijua la kufanya. Mbao za juu walizipaka sifa, yaani mafuta ya papa. Na chini ya maji walipaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Mafuta ya samaki hupenya katika vinyweleo, kisha hunyonya oksijeni na kuganda yakawa ngozi ngumu. Mwaka 1921 nahodha Robert Fergusson alianzisha huko Marekani kampuni ya rangi ya Rust-Oleum kutokana na mafuta hayo hayo, baada ya kuona jinsi yalivyozuia kutu kwenye sitaha ya chuma.

Si kila mafuta yafaayo. Mafuta ya samaki na ya kitani yana viungo pacha vingi katika molekuli zake, na humo oksijeni hushika. Mafuta ya nazi karibu hayana viungo hivyo; hubaki majimaji na kuoshwa na mvua ya kwanza. Oili chafu ya injini, ipendwayo na wengi kwa kuwa ni ya bure, nayo haigandi. Tena huoza mipira, huchafua udongo, na ina kemikali zinazoweza kuleta saratani ngozini. Ndani ya chasisi nyunyiza mafuta ya kitani au nta maalumu. Nje paka rangi ya zinki, kisha rangi ya juu mara mbili. Matundu ya chini ya kutolea maji yasizibwe kamwe. Mwisho, osha gari kwa maji ya kisima au ya bomba kila baada ya kubeba samaki: hakuna kinga iliyo rahisi kuliko hiyo.

Kubadili gari lilingane na kazi

Wenye pikapu wengi huongeza bapa moja katika springi za nyuma. Springi yenye mabapa 6 yanayolingana, ikiongezwa la 7, huwa ngumu zaidi kwa asilimia 17 hivi. Lakini ugumu wa bapa hufuata unene wake ukizidishwa mara tatu kwa wenyewe: bapa la milimita 7 ni gumu kuliko la milimita 6 kwa karibu asilimia 59. Hata hivyo springi ngumu haiongezi nguvu ya ekseli, wala ya breki, wala ya chasisi. Gari halitainama tena, na dereva atadhani linaweza kubeba zaidi, kumbe onyo ndilo lililoondolewa.

Wengine hurefusha karai kwa nyuma. Hapo kanuni ya wenzo hutawala. Katika gari ambalo ekseli zake zimeachana kwa mita 2.77, mzigo wa kilo 200 uliokaa mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma huyapunguzia magurudumu ya mbele kilo 72. Magurudumu hayo ndiyo yanayoongoza. Yakiwa mepesi, usukani hautii. Ni heri kuinua mbao za pembeni kidogo kuliko kurefusha karai, na mzigo mzito ukae mbele ya ekseli ya nyuma.

Jambo moja la injini halina budi kutajwa. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006. Risasi hiyo ilikuwa ikilinda viti vya vali katika baadhi ya injini za zamani. Injini hizo zinapofunguliwa, ziwekewe viti vigumu.

Hadhari

Tangi la petroli liondolewe kabla ya kuchomelea. Tangi tupu hulipuka upesi kuliko lililojaa, kwa kuwa limejaa mvuke. Bati lenye zinki lisichomelewe ndani ya nyumba, maana moshi wake huleta homa. Vumbi la breki za zamani lisipulizwe, kwani huweza kuwa na asbesto. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa. Mabadiliko ya injini, rangi au bodi yalingane na kadi ya gari.

Hitimisho

Kufufua gari kwa fedha kidogo ni kujua fedha iende wapi kwanza: chasisi, breki na usukani; kisha kinga ya kutu; kisha injini; na rangi mwisho wa yote. Kwa mpango huu kila shilingi hulinda ile iliyotangulia. Rangi ikitangulia, chuma kitaendelea kuliwa chini yake, kimyakimya, na gharama italipwa mara mbili.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini chuma huliwa zaidi chini ya tope kuliko mahali penye hewa?

2. Ribiti ya chuma katika bamba kubwa la alumini, na ribiti ya alumini katika bamba kubwa la chuma: ipi ina hatari zaidi, na kwa nini?

3. Mafuta ya nazi na ya kitani yapakwe juu ya misumari miwili, kisha yote inyunyiziwe maji ya chumvi kwa wiki mbili. Unatazamia kuona nini?

4. Mzigo wa kilo 150 umewekwa mita 0.8 nyuma ya ekseli ya nyuma ya gari lililotajwa hapo juu. Magurudumu ya mbele yamepunguziwa kilo ngapi?