Majahazi ya Unguja mnadani

Swali: Mjomba wangu aliyeko Muscat ameona mnadani picha ya majahazi bandarini Unguja, inayosemekana ni ya Irma Stern. Bei imetushtua. Ni haki kweli?
Msomaji, Malindi

Jibu: Ikiwa ni yake, msishangae. Stern, mchoraji wa Afrika Kusini aliyesomea Ujerumani, alikuja Unguja mwaka 1939 na tena 1945, na kazi za safari hizo ni miongoni mwa zinazogombewa zaidi. Mwaka 2011 picha yake ya mzee wa Kiarabu, aliyoichora 1945, iliuzwa na Bonhams ya London kwa zaidi ya pauni milioni 3. Bandari haifiki huko. Wanunuzi wake hupenda nyuso kuliko matanga.

Mjomba aombe kuonyeshwa picha nyuma na ubavuni. Nyingi za Unguja Stern alizitia fremu za mbao za nakshi, zilizotoka kwenye miimo ya milango ya huku kwetu. Fremu hiyo ikiwepo, bei hupanda. (Mlango wa nani, hakuna anayeuliza.) Lakini mbao kongwe bado zinauzwa, kwa hiyo fremu peke yake si ushahidi. Atazame rangi: Stern aliipaka nzito, mikwaruzo ya brashi ikabaki wazi. Atazame saini na mwaka, kisha aulize imepita mikononi mwa nani, na karatasi ziko wapi.

Juu ya bei ya nyundo, mnunuzi hutozwa kamisheni, mara nyingi robo nzima. Aihesabu kabla hajanyoosha mkono.